Miwaridi ya vichaka kwa baridi kali: uulize nini kabla ya kununua

SWALI: Mtaalamu, salaam. Bustani yangu iko mahali ambapo majira ya baridi hushusha kipimajoto hadi nyuzi 32 za sentigredi chini ya sifuri, na theluji haikai muda wote. Nilinunua miwaridi mitatu ya maua makubwa ya njano, yale ya kuweka kwenye chombo. Miwili ilikauka kabisa baridi ya kwanza. Wa tatu ulichipua tena kutoka chini na sasa una matawi marefu, lakini kiangazi cha pili hiki haujatoa hata ua moja, na majani yake si yale ya mwanzo. Muuzaji anasema nifunike vizuri zaidi. Nimechoka kufunika. Nataka vichaka vinavyojitegemea. Nafasi niliyo nayo ni mita nne hivi mbele ya ukuta unaotazama magharibi, jua lipo la kutosha. Nichague aina zipi?

JIBU: Pole kwa hasara, ndugu yangu, ila huo mwaridi wa tatu umeshakupa nusu ya jibu. Ule wa njano ulikufa pamoja na wenzake. Kinachoota pale sasa ni mmea mwingine kabisa. Miwaridi mingi ya maua makubwa huuzwa ikiwa imebebeshwa: chipukizi la aina unayoitaka huunganishwa kwenye mizizi ya mwaridi mwingine wenye nguvu, mara nyingi Rosa multiflora au aina iitwayo Dr. Huey. Baridi ikiua kila kilicho juu ya kiungo, mizizi ile ngeni huchipua yenyewe. Ndiyo maana majani yamebadilika. Maua huyaoni kwa sababu hao wawili huchanua kwenye matawi ya mwaka uliopita, na kwako matawi ya mwaka uliopita hayavuki baridi. Ukiuacha, kila mwaka utapata fimbo ndefu na majani tu.

Kwa hiyo ukifika kitaluni, rangi na harufu ziache kwanza. Uliza kama mche umesimama kwenye mizizi yake wenyewe, yaani umetokana na kipandikizi na haukubebeshwa. Kisha uliza kama huchanua kwenye matawi mapya. Mche wenye mizizi yake ukifa hadi usawa wa udongo, kitakachochipua ni kilekile ulichonunua. Na kama huchanua kwenye matawi mapya, maua utayaona kiangazi hichohicho. Muuzaji asiyeweza kujibu maswali haya anauza picha ya kwenye lebo.

Lebo yenyewe isome kwa tahadhari. Ramani ya Idara ya Kilimo ya Marekani, ambayo vitalu vingi huitumia hata nje ya nchi hiyo, hugawa maeneo kwa wastani wa baridi kali kuliko zote ya kila mwaka. Kanda ya 4 ni takriban nyuzi 29 hadi 34 chini ya sifuri, kanda ya 3 ni 34 hadi 40. Wewe uko kanda ya 4, lakini nakushauri ununue mimea ya kanda ya 3. Namba hiyo haisemi lolote kuhusu upepo unaokausha matawi, wala siku za joto zinazojipenyeza katikati ya baridi na kuuamsha mmea kabla ya wakati. Haisemi pia ni sehemu gani ya mmea itakayopona. Mwaridi unaweza kuandikwa kanda ya 4 kwa kuwa shina lake la chini huishi, huku kila kilicho juu kikifa. Penye theluji nene isiyoyeyuka, udongo hukaa kama chini ya blanketi. Kwako blanketi hilo huja na kuondoka, kwa hiyo mmea unakutana na baridi yenyewe. Knock Out, kichaka kilichoingia sokoni mwaka 2000 na kinachouzwa kila mahali, ni mfano mzuri. Ni mmea mzuri kanda ya 5, ila kwako utakuwa unaanza upya kutoka chini karibu kila mwaka.

Sasa aina zenyewe. Shupavu kuliko zote ni jamii ya Rosa rugosa, ambayo asili yake ni pwani za mashariki ya Asia. Utaijua kwa majani yake mazito yenye mikunjo, miiba iliyosongamana, na matunda mekundu makubwa mwisho wa msimu. Haijali mchanga wala chumvi. Hansa, wa mwaka 1905, una maua ya zambarau iliyoelekea wekundu na harufu inayokaribia karafuu; Blanc Double de Coubert, wa Ufaransa, 1892, ni mweupe. Thérèse Bugnet ulizalishwa Alberta nchini Kanada na Georges Bugnet, ukatolewa mwaka 1950. Huo naupenda hata ukiwa uchi, kwa sababu matawi yake machanga yana rangi nyekundu iliyokolea na miiba michache. Tahadhari yake ni kwamba hutegemea zaidi matawi ya zamani, basi usiupogoe kwa nguvu kabla haujachanua.

Rugosa wana tabia zao. Hutoa maotea mbali na shina, na katika pwani za kaskazini mwa Ulaya wametoroka bustanini hadi kuhesabiwa mimea vamizi, kwa hiyo uliza sheria ya unakoishi kabla ya kupanda. Kwenye udongo wenye chokaa nyingi majani hugeuka njano huku mishipa ikibaki ya kijani. Na usiwapulizie dawa za ukungu: majani huungua. Bahati nzuri ni kwamba mara nyingi hawazihitaji.

Kundi la pili ndilo ningelitegemea zaidi kwa nafasi yako. Mjini Ottawa, katika kituo cha utafiti cha wizara ya kilimo ya Kanada, Felicitas Svejda alianza miaka ya 1960 kuzalisha miwaridi ya kustahimili baridi bila kufunikwa, akitumia rugosa na baadaye Rosa kordesii ya Ujerumani. Ikapewa majina ya wavumbuzi wa zamani. Henry Hudson, 1976, ni mfupi, hauzidi mita moja, una matumba ya waridi yanayofunguka meupe. William Baffin, 1983, hupanda hadi mita tatu na haufungwi wala kulazwa chini wakati wa baridi. Ni mzuri sana, ila utameza ukuta wako wote. John Davis, 1986, ni mpole zaidi: matawi yanayoinama, maua ya waridi yenye petali nyingi, na huendelea kuchanua kwa awamu hadi baridi inaporudi.

Huko Morden, Manitoba, kulifanyika kazi ya namna tofauti. Walichukua Rosa arkansana, mwaridi wa nyanda za majani wa Marekani Kaskazini ambao hufa juu na kuchipua upya, wakauchanganya na aina za bustani. Morden Centennial, 1980, na Morden Blush, 1988, mara nyingi hufa hadi usawa wa theluji, kisha huinuka na kuchanua kiangazi hichohicho. Udhaifu wao ni ugonjwa wa madoa meusi, kwa hiyo uwape nafasi ya hewa kupita na umwagilie chini, si juu ya majani.

Najua unataka njano. Hapo uchaguzi ni mwembamba, kwa sababu njano ya miwaridi mingi ya bustani ilitoka kwa Rosa foetida, ambao huvutia sana madoa meusi. Agnes, mzao wa rugosa na foetida uliotoka Ottawa mwaka 1922, una njano hafifu na harufu tamu, lakini huchanua zaidi mwanzoni mwa kiangazi kisha hunyamaza. Morden Sunrise una njano iliyochanganyika na chungwa, na hurudia. Huo ndio ningekupa.

Kwa mita zako nne, basi: John Davis katikati, Morden Sunrise upande mmoja, Henry Hudson upande wa pili. Usiwabananishe na ukuta. Acha mita moja, maana theluji inayoporomoka kutoka paani huvunja matawi, na ukuta wa magharibi ukipigwa na jua la alasiri huyapasha joto kisha usiku huyagandisha tena.

Panda majira ya kuchipua, si kabla ya baridi, ili mizizi ipate msimu mzima wa kushika. Mche ukiwa umebebeshwa na huna njia nyingine, zika kiungo sentimita 10 chini ya udongo; baada ya muda aina ya juu inaweza kutoa mizizi yake. Mbolea yenye naitrojeni ikome wiki sita hivi kabla ya jalidi ya kwanza, na wakati huohuo acha kukata maua yaliyonyauka. Matunda yakianza kukua, mmea hupunguza kutoa matawi laini na kuanza kukomaza yaliyopo. Matawi laini ndiyo yanayokufa kwanza.

Kuhusu kufunika, muuzaji hajakosea kabisa. Mwaka wa kwanza tu, ardhi ikishaanza kuganda, rundika udongo au mboji sentimita 25 hivi kuzunguka shina. Ulete kutoka kwingine, usichimbue palepale ukaacha mizizi wazi. Ukifunika mapema mno unaufungia mmea joto na unyevu, nao unaoza. Miaka inayofuata matandazo ya kawaida yanatosha.

Kupogoa kungoje hadi matumba yavimbe. Kata tawi kidogo kutoka ncha, kisha tazama moyo wake: ukiwa wa kahawia, limekufa hapo, shuka chini ukate tena, ukiwa mweupe au wenye kijani, simama. Usihukumu kwa rangi ya gamba, kwani tawi linaweza kuwa la kijani nje na kahawia ndani. Ukiona kichaka kimekaa kimya, kipe hadi mwanzo wa kiangazi kabla ya kukitoa. Baadhi ya hawa wa Morden huchelewa kuamka.

Ule wa tatu ung'oe, na usiukate tu, kwa sababu kila kipande cha mzizi kitakachobaki kinaweza kuchipua. Mwaridi mpya ukipandwa penye udongo uliokuwa na mwaridi mwingine mara nyingi hudumaa, kwa hiyo toa udongo wa shimo hilo, upana na kina cha nusu mita, uweke mwingine kutoka sehemu ya bustani ambayo haijawahi kuwa na waridi.