Kabla hujamwekea mgonjwa wa kansa muvi

Kuna muvi ya 2009 inaitwa My Sister's Keeper, Cameron Diaz kacheza mama mwenye binti mgonjwa wa kansa ya damu. Huyo mama alikuwa mwanasheria akaacha kazi, akazaa mtoto mwingine ili amtolee dada yake damu na uboho, sasa yule mdogo kafika miaka 11 anatakiwa atoe na figo, akaenda zake kutafuta wakili awashtaki wazazi. Ambaye hujaiona ruka hapa maana nasema mwisho: kumbe aliyemtuma ni mgonjwa mwenyewe, kachoka na matibabu, na kila akitaka kusema mama hasikii.

Tuliiangalia na bimkubwa, mama yangu, kipindi yuko kwenye matibabu ya mionzi pale Ocean Road, hospitali ya kansa ya Dar. Mi nikataka kuzima, akasema acha iishe. Ilivyoisha akauliza, "Na mimi mbona hamniulizi?" Yani kwetu mambo yote yalikuwa yanaamuliwa kwenye grupu la ukoo la WhatsApp, wajomba na mashangazi humo humo, nani alale naye, nani atume hela, ahamie kwa nani, na yeye kwenye grupu hayumo! Siku ile ndo akasema anataka majibu aambiwe yeye kwanza, na wageni wasije kabisa siku akitoka kupigwa dripu ya kemo, zile dawa kali za kansa.

Kwa hiyo ushauri wangu, muvi iangalie kwanza peke yako, maana zingine ni vilio tu mwanzo mwisho hazina cha maana. Siku ya kemo hapana, mtu anatapika we unamwekea muvi ya saa mbili. Ikiisha usiulize "unajisikiaje", hilo wanauliza wote na jibu ni "nashukuru Mungu". Uliza kitu anachoweza kujibu, majibu usikie wewe au tusikie sisi, unataka nani aingie na wewe kwa daktari.

Na watoto msiwasahau, kwenye ile muvi kuna kaka mtu ana shida ya kusoma na hakuna anayemwona, nyumbani kwetu mdogo wangu wa kidato cha pili alikuwa hivo hivo, tumempa funguo tu na hela ya chipsi.

Lakini usitegemee muvi ya Marekani ikufundishe mchango wa ukoo. Mionzi mara nyingi ni Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki kadhaa mfululizo, anayetoka Songea lazima apate pa kufikia Dar, nauli ya kila siku na mtu wa kumsindikiza, hayo yapangeni mapema na mgonjwa akiwepo.

Na akikataa muvi za magonjwa basi, usimlazimishe. Bimkubwa alitosheka na hiyo moja, akarudi kwenye tamthilia zake za Kituruki na rimoti akashika mwenyewe.