Shem, kiwanja usiuze

Shem, habari za hapo Morogoro. Ile sauti yako ya dakika nne nimeisikiliza mara mbili, mara ya kwanza nikiwa kazini na glavu mkononi, mara ya pili nimekaa. Nikiikamua yanabaki mambo mawili. Moja, kwamba picha niliyoitupia kwenye kundi la familia inaonyesha nimetulia, "wenzetu mnatalii na wanyama, sisi Mikumi iko mlangoni hatujaingia". La pili, kuna wakala Dar kakuhakikishia kazi za kulea wazee Uingereza bado zipo, anataka milioni kumi na mbili, nawe unafikiria kukiuza kile kiwanja. Chini yake wifi akaongeza kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Haya. Leo zamu yangu ni ya jioni, nina nafasi ya kujibu, na nikiwakwaza mtanisamehe.

Nianze na wakala, maana huyo ana haraka na hela zako. Tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza imeacha kupokea maombi mapya ya walezi wa wazee kutoka nje ya nchi. Waliomo humu tayari na viza nyingine ndio bado wanaruhusiwa kuhamia kazi hiyo, nao kwa muda tu. Wewe uliyeko Moro humo haumo. Sasa huyo anakuuzia nini? Na hata mlango ulipokuwa wazi, cheti cha udhamini kilikuwa kinatolewa na mwajiri, hakikuwa mchele wa kupimwa na dalali. Nimeishi chumba kimoja na dada mmoja wa Zimbabwe aliyelipa mtu kama huyo wako. Alifika, kampuni ikawa haina saa za kumpa, baadaye kampuni ikanyang'anywa leseni, na yeye akaandikiwa siku 60 atafute mdhamini mwingine au aondoke. Usiku alikuwa anazihesabu siku zake kwa sauti. Mwambie wakala akuonyeshe sheria inayosema kinyume. Atakuambia ana mtu wake ndani. Wote wana mtu wao ndani.

Sasa picha. Vuta uikuze, shem. Chini ya lile koti jekundu utaona kola ya zambarau. Hiyo ni sare. Nilikuwa kazini siku ile, kwenye lile pengo la katikati ya mchana ambalo silipwi.

Kazi yangu iko hivi: natoka saa kumi na mbili asubuhi, nyumba ya kwanza saa kumi na mbili na nusu. Ukutani kuna kisanduku cha funguo, unabonyeza namba, unafungua, unaingia gizani unaita "habari za asubuhi" kwa mtu ambaye pengine hakumbuki wewe ni nani. Nusu saa: pampasi, kuogesha, dawa, chai, mkate. Nyumba nyingine wamenipangia dakika kumi na tano. Kisha naendesha gari hadi kijiji kingine, na za njiani kampuni yangu haizihesabu. Saa tano asubuhi kazi inakatika mpaka saa kumi jioni, halafu naanza mzunguko wa kulaza watu mpaka saa tatu usiku. Siku ya saa kumi na tano, malipo ya saa nane au tisa. Kima cha chini cha kisheria mwaka 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa, na najua umeshaizidisha kwa elfu tatu na kitu ukapata mshahara wa mkurugenzi. Izidishe na kodi ya nyumba basi, na mkopo wa gari, maana bila gari kazi hii hakuna. Baridi sitaisema, hiyo mmeshaisikia kwa kila mtu.

Hao wanyama mliowaita mbwa wa theluji ni watoto wa sili. Kwa mtu wa bara kama sisi, mfikirie kiboko mdogo aliyeamua kuwa samaki akabaki na uso wa mbwa. Mahali panaitwa Donna Nook, pwani ya Lincolnshire. Ni uwanja wa jeshi la anga la kufanyia mazoezi ya mabomu, na hao sili ndiko walikochagua kuzalia, kuanzia mwisho wa Oktoba hivi mpaka Desemba, watoto zaidi ya 2,000 kwa msimu mmoja. Watu wanasimama nyuma ya uzio wa mbao, kimya kama wako msibani, na wazee wa kujitolea wamevaa vizibao wanazunguka kuhakikisha hakuna anayenyoosha mkono. Nilimkumbuka mjomba wa kijijini Doma na nyanya zake. Yeye, tembo wakimlia shamba, anajaza fomu, anasubiri kifuta jasho mpaka jasho limkauke lenyewe, na hakuna mzee wa kizibao anayekuja kumwekea uzio. Sisemi mzungu anapenda wanyama kuliko watu. Nasema tu uzio niliuona, na ulikuwa mzuri.

Nikamuuliza mmoja wa wale wazee mbona kuna watoto wako peke yao. Akanieleza vizuri, kwa furaha ya mtu anayependa somo lake. Mama sili anazaa mtoto wa kilo kama 14. Anamnyonyesha wiki mbili na nusu, tatu, maziwa ambayo nusu yake na zaidi ni mafuta, na muda wote huo mwenyewe hali kitu. Mtoto anavimba mara tatu, mama anakonda. Halafu siku moja mama anaingia majini, basi. Kwa huyo mtoto harudi. Mtoto anabaki mchangani akijila mafuta yake mpaka njaa imsukume baharini.

Nikasema asante, nikarudi garini, nikakaa bila kuwasha injini mpaka saa ya kazi ikafika.

Sasa ndiyo nakuambia jambo ambalo hata na kaka yako hatulizungumzi tena, kwa sababu tukilizungumza tunagombana. Mlango wa kuleta watoto kwa walezi wapya ulifungwa tarehe 11 Machi 2024. Aliyeingiza maombi kabla, aliruhusiwa kuja na mume na watoto. Mimi yangu yaliingia tarehe 26. Siku kumi na tano, shem. Unakumbuka tulichokuwa tunasubiri? Tulisubiri mshahara wa mwisho wa Februari wa kaka yako ili tusikope ada ya viza kwa riba. Tuliona tunafanya jambo la akili. Nilipofika uwanja wa ndege kuna mama tuliyepanda naye ndege moja, kazi moja, alikuwa na vitoto viwili vimevaa kofia za sufi, yeye aliwahi Februari. Mpaka leo nikiona kofia ya sufi ya mtoto dukani naihama hiyo safu.

Mwanao, yaani mwanangu niliyewaachia, alipoiona ile picha alinipigia. Anauliza, mama yao yuko wapi? Nikamwambia ameenda kutafuta samaki. Akauliza anarudi lini. Mliambiwa mtandao ulikata. Niliukata mimi.

Mnauliza basi si nirudi. Nitarudi na nini? Nikitimiza miaka mitano ilikuwa niombe kukaa moja kwa moja, mwaka 2025 serikali ikaanza kuzungumzia kuirefusha, na kwa watu wa kazi yangu ikatajwa miaka mingi kuliko ya wengine. Kila nikikaribia mstari, mstari unasogezwa. Na viza yenyewe iko mikononi mwa kampuni: nikigomba kuhusu zile saa za njiani, wananikumbusha kwa upole kwamba wao ndio wadhamini wangu. Kwa upole, hawapandishi sauti. Ningependa siku moja wapandishe.

Kuna mzee mmoja ninayemwamsha asubuhi na kumlaza usiku. Alikuwa mvuvi wa Grimsby, meli za kwenda kuvua chewa huko Aisilandi, mpaka Aisilandi ilipojitangazia maili 200 za bahari na mwaka 1976 Uingereza ikakubali yaishe. Zamani hizo walikuwa wanakaa majini wiki tatu, nchi kavu siku tatu, na watu waliwapa jina: mamilionea wa siku tatu. Suti mpya, teksi ya kuwazungusha baa kutwa nzima, peremende kwa watoto wa mtaa. Siku ya nne mfuko mtupu, wanarudi majini. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikamwambia hata sisi tunao, ila wetu ni wa Desemba. Unamkumbuka binamu yenu wa Marekani, aliyechinja mbuzi wawili, kila mtu akaondoka na fulana, halafu usiku wa kuondoka akamkopa baba nauli ya basi la Dar? Mlimsema mwaka mzima. Na mimi nilimsema. Nikija Desemba ya mwakani mtanikuta nachinja mbuzi vilevile, maana nisipochinja mtasema wifi alisema kweli.

Huyo mzee nikimvisha soksi naweka simu juu ya kabati, nafungulia Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Neno haelewi hata moja, lakini vidole vinagonga mkono wa kiti, na havikosei. Sauti ya lile gitaa, asubuhi bado giza, ndani ya chumba kinachonuka mkojo na dawa ya meno, inanifanya nione kabisa ile baraza ya baba yenu na redio yake yenye mpira badala ya mfuniko wa betri. Nikamsimulia kwamba huyu ni wa mji wetu, alikwenda kupiga gitaa mpaka Osaka kwenye maonesho ya mwaka 1970, akafa kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979. Mzee akanyamaza. Nikadhani amelala. Kisha akauliza: alikuwa na watoto?

Binti yake anakuja mara moja kwa mwezi, anaishi mbali. Mwezi wa kumi alifungua droo ya jikoni akahesabu vijiko vya chai mbele yangu, kwa sauti, moja, mbili, tatu, kama mwalimu wa chekechea. Vikafika kumi na moja. Akaniangalia. Cha kumi na mbili kilikuwa ndani ya kikombe cha baba yake, mkononi mwa baba yake. Hakusema samahani, akafunga droo. Nilikuwa na maneno ya kumwambia, ya Kiswahili cha Moro hasa: wewe mzazi wako unamwachia mgeni amwogeshe, halafu unahesabu vijiko. Yakanikwama. Mama yangu mimi tangu kiharusi anaogeshwa na binti wa watu ninayemlipa laki na nusu kwa mwezi, na juzi juzi tu nilimpigia kumuuliza lile doti la khanga la kijani limekwenda wapi.

Lilikuwa kwenye kamba.

Basi shem, sikiliza. Usije. Kwa njia hiyo usije kabisa. Wewe ni fundi umeme, una cheti cha VETA, mikono yako inajulikana mpaka Kilosa. Kama kutoka unatamani, toka kwa ufundi wako, na masharti yasome mwenyewe kwenye tovuti ya serikali yao, ni bure, Kiingereza chake si kigumu, na pale usipoelewa nitumie nikusomee. Usimlipe mtu kukusomea. Na usimsikilize anayekwambia ulaya ni jela, mimi nikiwemo. Nisikudanganye: nikiulizwa leo asubuhi, ningekuja tena. Nyumba ya mama ina bati, mwanao ana viatu viwili vya shule, deni la kaka yako limekwisha. Niulize usiku saa tatu nikitoka kwa mtu wa mwisho, jibu litakuwa jingine. Usiniulize usiku.

Na ukija, maana najua ulivyo mbishi, mlete kwanza mtoto wako kichwani umuulize. Mimi sikumuuliza wangu, nilimwambia.

Mikumi nendeni, tena Krismasi hii. Siyo kuchungulia tembo kwa dirisha la basi la Iringa. Ingieni getini, mlipe kiingilio, mumpige mwanao picha na twiga, mniwekee kwenye kundi na mimi niseme wenzetu mnatalii.

Pesa ya mwezi huu nimetuma jana kwa namba ya kaka yako. Laki na nusu ni ya yule dada wa kumwogesha mama, apewe mkononi, yote. Elfu arobaini ni ya maji na umeme. Elfu sitini ni ya Mikumi, na nitataka kuona stakabadhi ya getini. Mafuta ya pikipiki yako hayamo, usiyatafute.