Mafolda yamegeuka vishale

SWALI: Shikamoo fundi. Nina steshenari hapa Ngamiani, natoa kopi na kuchapa barua na mitihani. Juzi mwalimu alichomeka flashi yake kwenye kompyuta yangu. Kufika shuleni, kila folda ina kishale na haifunguki. Ananidai mitihani ya darasa la saba. Aliyeniwekea Windows alisema nizime antivairasi ili ikubali, na apdeti nilizima mwenyewe, zinamaliza bando. Niifomati flashi yake?
Mama Steshenari

JIBU: Marahaba mwanangu. Usifomati! Mitihani imo humohumo, imefichwa tu. Kirusi hiki huficha mafolda halisi, kisha huweka vishale vyenye majina yaleyale. Ukibofya kishale, kirusi kinaamka halafu kinakufungulia folda yako, basi huna habari. Shuleni huenda antivairasi yao imekifuta kirusi, vikabaki vishale visivyo na pa kwenda.

Anza na kompyuta yako, maana flashi ukiisafisha na kuirudisha hapo, inaugua tena. Fungua Windows Security, washa kinga, kisha chagua ule ukaguzi wa Offline. Mashine itajizima na kuwaka, kama dakika 15 hivi. Kinga ikigoma kuwaka, hiyo Windows imeshaoza: hamisha kazi zako, uiweke upya, safari hii halali. Anayekuambia uzime antivairasi ili programu yake iingie ni mgeni anayetaka mbwa afungwe kwanza ndipo apige hodi. Kompyuta za namna hiyo nishazifungua nyingi, nami sina tena simile nazo.

Ndipo uchomeke flashi ya mwalimu. Usibofye kitu, ikague kwanza. Kisha fungua Command Prompt, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, uandike hivi, ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Nafasi kati ya maneno usizile. Mafolda yatarudi, vishale vifute.

Kuhusu apdeti nakuelewa, bando si mchezo. Ila tarehe 12 Mei 2017 programu hasidi ya WannaCry ilipofunga kompyuta za watu dunia nzima na kudai fidia, apdeti ya kuziba tundu ililopitia Microsoft walikuwa wameitoa tangu Machi. Ziwashe, uzishushe kwa bando la usiku. Na kama bado uko Windows 10, apdeti zake za kawaida zilikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Wateja wataendelea kuja na flashi, huwezi kuwafukuza. Mimi nina laptop kuukuu yenye Linux, mfumo mwingine usio Windows, haina kazi nyingine ila kupokea flashi za watu na kuprinti. Vishale vya Windows humo havina la kufanya. Tanga tunasema waja leo waondoka leo, lakini huyu mgeni wa kwenye flashi akishaingia haondoki, kwa hiyo namkaribishia barazani. Kazi zako mwenyewe ziwe na nakala kwenye diski ya nje, na diski hiyo ichomolewe ukimaliza. Ikikaa imechomekwa, siku kitu kama WannaCry kikiingia itafungwa pamoja na kompyuta.

Mwalimu mpigie leo, kabla hajamkabidhi mtu mwingine flashi akaifomati. Na usimtoze.