Tagi, lebo au vitambulisho?

Swali: Naandika maelekezo ya kupanga nyimbo kwenye kompyuta, zile taarifa zinazokaa ndani ya faili kama jina la msanii, mwaka n.k. Niziite tagi, lebo au vitambulisho? Halafu niliandika "nimetaga nyimbo zangu zote", rafiki yangu akaniambia nifute, kosa liko wapi?

Jibu: Rafiki yako kasema kweli, futa, kutaga ni kazi ya kuku.

Jina tagi halina shida, lishazoeleka, liweke tu kwenye ngeli ya I-ZI kama albamu na programu: tagi hii haijajazwa, tagi hizi zimekosewa. Matagi utayasikia mdomoni ila kwenye maandishi mi siyapendi. Kasheshe iko kwenye kitenzi. Wengi wanasema kutagi, wanafuata mkondo wa kurudi na kusafiri, na "nimetagi" inapita vizuri kabisa, lakini hebu kanusha: sitagi, hatagi. Umerudi kulekule kwa kuku, maana kuku asiyetaga ndo huyo tunasema hatagi! Kwa hiyo sema kuweka tagi, na kama zilikuwepo unarekebisha tu sema kuhariri tagi, ukibadilisha za nyimbo mia kwa mpigo mmoja hapo unahariri kwa mkupuo. Zile unazobuni mwenyewe ziite tagi za kujiwekea.

Lebo iache kabisa. Kwenye muziki lebo ni kampuni inayotoa kazi za msanii, na jina la kampuni hiyo nalo lina tagi yake, sasa msomaji akikuta "jaza lebo" ajaze nini? Vitambulisho pia hapana, kitambulisho kinatofautisha kitu na kingine wakati mwaka mmoja unabebwa na nyimbo kibao.

Kwenye kila sehemu andika jina la wimbo, sio kichwa, na tafadhali sana sio "jina la nyimbo" kama ni mmoja, ni wimbo huu, nyimbo hizi, hili linaniuma kila nikiliona. Badala ya aina sema mtindo, sababu aina msomaji atadhani ni aina ya faili, kama MP3 au FLAC. Msanii na msanii wa albamu vitofautishe, wimbo ulioshirikisha mtu ukiandikwa "fulani ft. fulani" kwenye msanii, programu nyingine zinautenga na albamu yake, msanii wa albamu ndo anazishika nyimbo zote pamoja.

Na majina usiyafupishe. Tagi za ID3 (mfumo wa tagi unaotumika kwenye faili za MP3) za mwanzo, za 1996, zilitoa nafasi 30 tu za herufi kwa jina la wimbo, nafasi tupu nazo zikihesabiwa. Chukua jina kama "Nitakungoja Mpaka Siku Utakaporudi", hesabu mpaka 30, unabaki na "Nitakungoja Mpaka Siku Utakapo". Angalia kilichopotea, viambishi vyote vimebaki, mzizi wa kitenzi ndo umeenda, hujui mtu atarudi, atakufa au ataoa. Toleo la pili la 1998 liliondoa ufinyu huo, kwa hiyo ukikuta majina ya namna hiyo kwenye mafaili ya zamani usiseme yamefupishwa, sema yamekatwa, halafu uyaandike upya mpaka mwisho.