Vumbi la Newala na valvu zinazobana kimyakimya

Mtu akiniuliza nini kinaua injini ya mapigo manne huku kwetu Mtwara, namjibu vumbi. Na halipigi hodi.

Pikipiki yangu ni ya mtindo wa motokrosi: silinda moja, cc 250, ndefu, nyepesi, haiogopi mchanga. Nilikuwa naipandisha Newala kupitia Tandahimba karibu kila wiki kwenda kuangalia mikorosho. Asubuhi moja ikagoma kuwaka. Kiki kumi, kumi na tano, ndipo ikashika, na ilipopata moto ikakimbia kama kawaida. Nikaipeleka kwa fundi. Akaipiga resi, akainamisha sikio. "Njomba, hii haina neno. Sikiliza ilivyo kimya."

Hapo tulikosea wote wawili. Tumezoea kwamba tapeti, kile kinachosukuma valvu (mlango wa hewa au moshi wa injini), ikiharibika itagonga. Ikilegea, kweli utaisikia. Lakini kwenye injini hizi valvu inalika pale inapokalia, inazidi kupanda, na ile nafasi ndogo iliyoachwa juu yake inapungua. Nafasi ikipungua, kelele nayo inapungua. Ikiisha kabisa, valvu haifungi sawasawa, mgandamizo unavuja, na dalili ya kwanza ni hiyo hiyo ya kiki nyingi asubuhi. Kimya alichokisifu fundi ndicho kilikuwa ugonjwa.

Tulipofungua kifuniko, kwenye valvu za kuingiza hewa hata karatasi nyembamba kuliko zote za fila geji, vile vibamba vya chuma vya kupimia nafasi, haikupita. Za kutolea moshi zilikuwa nzima. Nikatoa sponji ya filta ya hewa, nikapitisha kidole ndani ya mpira unaoelekea kwenye kabureta. Kidole kikatoka chekundu. Vumbi lile lilikuwa linaingia pamoja na hewa na kusaga valvu kila nilipovuta mafuta. Sponji ilikuwa imeoshwa kwa petroli, ikapulizwa kwa kompresa, ikarudishwa kavu. Sponji kavu haizuii vumbi laini. Kinacholinasa ni mafuta yaliyolowana ndani yake.

Siku hizi sponji naiosha mwenyewe. Kwanza mafuta ya taa, kisha maji ya sabuni. Naikamua kwa kuibonyeza, siipindi kama nguo, kwa sababu gundi ya maungio inaachia. Petroli siitumii kabisa, inakula gundi hiyo na ni hatari ya moto. Naianika kivulini ikauke hasa, halafu naipaka oili ya filta. Nikiikosa, oili nzito ya giaboksi namba 80-90. Naibonyeza mpaka rangi ienee sawa bila kudondosha. Ukingoni napaka grisi ili hewa isipite pembeni. Nina sponji mbili, moja ikikauka nyingine iko kazini. Kiangazi, safari moja ya Newala na kurudi inatosha kuichafua.

Oili nayo usiionee huruma. Injini hizi hubeba kama lita moja tu, na kwa nyingi oili hiyo hiyo inalainisha pistoni, giaboksi na klachi. Inachoka haraka. Mimi nahesabu saa za kazi kuliko kilomita, maana kilomita kumi za mchanga si sawa na kumi za lami. Kwenye chupa tafuta maandishi JASO MA, alama ya oili ya pikipiki ambazo klachi yake inazama kwenye oili. Oili ya gari inaweza kufanya klachi iteleze.

Nafasi za tapeti zipimwe injini ikiwa imepoa kabisa, pistoni ikiwa juu kwenye pigo la kugandamiza. Vipimo vifuate kijitabu cha pikipiki yako. Fundi anayekadiria kwa kuzoea pikipiki za bodaboda atakuumiza. Andika kila kipimo na tarehe. Ukirekebisha valvu kisha ikabana tena baada ya muda mfupi, usiendelee kuirekebisha. Imekwisha, badilisha. Mimi nilichelewa, ikabidi ninunue valvu na kuchonga vikalio, na pesa ya korosho ikaishia hapo.

Ukitoka Mikindani au popote kwenye upepo wa bahari, osha kwa maji yasiyo na chumvi na upake cheni oili siku hiyo hiyo.

Jambo la mwisho ni la wakulima wenzangu. Msimu wa kupulizia salfa dhidi ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, usiegeshe pikipiki upande upepo unakoelekea. Ule unga unajaza filta. Na mashine nyingi za kupulizia ni za mapigo mawili, petroli yake inachanganywa na oili. Ukiimimina kwenye pikipiki, plagi inashika masizi na moshi unatoka. Madumu yanafanana, na jioni shambani macho yamechoka. La mchanganyiko mimi nimelifunga kitambaa chekundu shingoni, na vijana wote shambani wanajua maana yake.