Mnaoanza kazi na dawa za metali zinazowashwa na mwanga, lindeni giza kwanza

Wadogo zangu mnaoingia labu mwaka huu, mi nipo na kompleksi za rutheniamu na iridiamu (metali iliyozungukwa na molekuli zilizoishika), dawa za kuua seli za saratani kwa mwanga, mwaka wa tano sasa, na kuna jambo natamani mtu angenikalisha chini aniambie wiki ya kwanza: huku mwanga ni dawa, una dozi yake, na giza nalo inabidi ulitengeneze, halitokei lenyewe.

Miezi mitatu ya mwanzo seli zangu zilikuwa zinakufa zote, pleti (sahani ya vishimo vya kukuzia seli) niliyoimulika na ile niliyoifunika, nikaamini kompleksi ni sumu tu basi, nikakaribia kuimwaga. Aliyeniokoa ni dada mmoja wa labu ya jirani, aliuliza kitu kimoja tu, wakati unaweka dawa taa ya hudi, lile kabati la hewa safi la kufanyia kazi na seli, ilikuwa inawaka? Ilikuwa inawaka. Kompleksi nyingi za rutheniamu zinanyonya bluu, kwenye nanomita 450 hivi, na taa nyeupe za labu bluu imo ya kutosha, kwahiyo pleti yangu ya gizani ilishakula mwanga kabla sijaikunja kwenye foili. Tangu siku ile nazima taa ya hudi, dirishani kadibodi, nafanya kazi kwa kataa kekundu.

Nasisitiza hili maana thamani yote ya hizi dawa iko kwenye tofauti kati ya giza na mwanga. Kizani itulie, ukiimulika ipokee nishati na kuipasia oksijeni iliyo karibu, oksijeni inageuka kuwa kali na inaishi mikrosekunde chache tu, so inachoma palepale ilipozaliwa. Ndo maana TLD-1433, kompleksi ya rutheniamu inayojaribiwa kwa wagonjwa Canada, inaingizwa kwenye kibofu kisha kinamulikwa kwa ndani na mwanga wa kijani. Mi nimekulia Kanda ya Ziwa, kule kichocho kipo, na kichocho cha mkojo kikikaa miaka mingi kinaweza kuleta saratani ya kibofu, kwahiyo habari ya kibofu kwangu sio ya kusoma tu.

Sasa mwanga wenyewe. Ukiandika "nilimulika dakika 20" hujaandika kitu. Tafuta mita ya mwanga, pima pale pleti inapokaa: miliwati 10 kwa sentimita mraba kwa sekunde 1000 ni jouli 10 kwa sentimita mraba, hiyo ndo dozi. Pima na pembeni, vishimo vya kona mara nyingi vinapata kidogo kuliko vya katikati. Medio (maji ya kulishia seli) yenye rangi ya fenoli nyekundu inakuibia mwanga, ibadilishe kabla ya kumulika. Halafu weka vishimo vyenye mwanga bila dawa, maana taa ikichemsha pleti utasifia dawa kumbe joto ndo limeua.

Kwenye kupiga picha napo kuna mtego. Hizi kompleksi zinang'aa nyekundu, unaona zimeingia wapi, raha sana, ila oksijeni inazima ule mng'ao, kwahiyo seli iliyofifia sio lazima iwe imekosa dawa. Ukitaka kujua kiasi kilichoingia pima metali yenyewe kwa ICP-MS, mashine inayohesabu atomi za metali kwa uzito wake. Na kumbuka leza unayopigia picha inaiwasha dawa vilevile, ukikawia pale kwenye hadubini unapiga picha seli unazoziua mwenyewe.

Mnaofanya na platinamu, msiyeyushe sisiplatini, ile dawa ya saratani ya platinamu, kwenye DMSO, kiyeyusho cha kawaida labu, maana DMSO inaishika metali na dawa inakuwa kitu kingine.

Bluu na kijani haviendi mbali ndani ya mwili, ndo maana watu wanakimbilia nanomita 650 hadi 900. Padeliporfini, yenye paladiamu, inamulikwa kwa nanomita 753 na Ulaya iliikubali mwaka 2017 kwa saratani ya tezi dume ya hatua za mwanzo. Kuna na shida ya uvimbe kukosa oksijeni, huko someni kazi za Peter Sadler, mkemia wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, platinamu zenye azidi (vikundi vya nitrojeni tatu) ambazo hazihitaji oksijeni kuua.

Ile kompleksi niliyotaka kumwaga niliirudia kwenye giza la kweli: pleti ya foili seli zikabaki hai, pleti ya taa zikafa karibu zote. Bado naitumia, ipo kwenye kichupa cha kahawia kwenye friza.