Kabla Hamjakodisha Nyumba ya Mji Mkongwe

Juzi nimepata meseji ya dada mmoja wa Malindi, mtaa wa hapa hapa Mji Mkongwe Unguja, wamerithi nyumba ya babu yao, wako ndugu saba, na katokea mtu anaitaka afanye hoteli, anauliza wafanyeje. Nilikosa usingizi, maana hayo yametukuta sisi, mtaa wa pili, Kiponda.

Mji ulipoingia Urithi wa Dunia mwaka 2000 tulifurahi, tukajua tutasaidiwa, kumbe nyumba ikivuja ni yako peke yako na tena huwezi kupiga saruji kama nyumba za nje ya mji, Mwanakwerekwe, saruji inafunga unyevu ukuta wa mawe unaoza kwa ndani, unataka chokaa, boriti, fundi anayejua na kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Masika moja dari ya chumba cha mama ikaanguka. Kaka akasema basi, tukodishe, sote tukasaini, tukahamia Fuoni.

Mwaka uliofuata nikapita. Baraza la nje, alipokuwa akikaa baba na wenzake kila baada ya alasiri na kahawa zao, limepangwa vyungu vya maua mwanzo mwisho ili watu wasikae. Kijana wa mlangoni ananiuliza kwa Kiingereza nataka nini. Mlangoni kwetu! Nilisema napita tu, nikaenda kutoa machozi Darajani kwenye daladala.

Simlaumu mtalii, wallahi, wadogo zangu wawili wanakula kwa utalii huo huo. Lakini mtaa ni watu. Pale kwetu majirani wote wamekodisha, asubuhi unasikia magurudumu ya masanduku tu, hakuna wa kumuazima chumvi, na msikitini alfajiri safu ya kwanza haijai. Mgeni anakuja kuona Mji Mkongwe, atauona kwa nani tukishaondoka sote?

Kwa hiyo dada yangu, msiuze. Kaeni warithi wote saba, na wanawake wawemo, asiwasemee kaka mmoja. Dalali akiwaharakisha mwambieni arudi mwezi ujao. Mkikodisha bakisheni japo vyumba viwili vya chini, mmoja wenu akae. Nasema tena, msiuze. Na baraza liandikwe kwenye mkataba kuwa ni la watu wa mtaa, haliwekwi chungu wala kamba. Sisi hatukuandika.